Sema U Nani Kwanza, Ndipo Upakuliwe

Mlinifanyia sherehe ya kuniaga, mkanipa kikwembe kizuri, kitenge cha huku, na saa ya ukutani, na mwenzetu mmoja wa ofisini akasoma karatasi yenye sifa tele. Alisema kwamba katika miaka yote niliyofanya kazi katika kituo hiki cha watoto hapa Kindu sikuwahi kumkosea mtoto. Nilikaa nikitabasamu kama bibi harusi, lakini moyoni nilitamani kuinuka nimnyang'anye ile karatasi. Yeye hali jikoni, ndiyo maana hajui. Ninyi vijana mnaobaki mnastahili kitu chenye faida kuliko sifa za uongo. Kwa hiyo nimechukua kaye, yaani daftari, na kalamu niandike nilivyofanya kazi, nilivyokosea, na nani aliyeumia. Mkiona nimeandika kwa hasira, ni kweli nimekasirika, na hasira yangu ina umri mkubwa kuliko baadhi yenu.

Mimi ni mtu wa Ujiji, ng'ambo ya Tanganyika. Nilivuka ziwa kwa meli hadi Kalemie, nikapanda treni ambayo mkatisha tiketi aliniapia kwamba ingefika Kindu siku ya tatu. Ilifika siku ya tisa. Tulipika kando ya reli, tukafua kando ya reli, na mwanamke mmoja alijifungulia kwenye behewa la mahindi, nami ndiye niliyemkata mtoto kitovu. Nilikuwa na sanduku la bati, cheti cha uuguzi nilichokionea fahari kupita kiasi, na mkataba wa miaka miwili. Miaka miwili! Anayejua ule mkataba uliishia wapi na anijulishe.

Siku ya kwanza nilitegemea kupokewa ofisini na kupewa kiti. Mlinzi aliniangalia toka juu mpaka chini, akanionesha jiko kwa kidevu. Jikoni kulikuwa na mstari wa watoto wenye sahani za bati, na mbele ya masufuria amesimama mwanamke mnene, kilemba kimefungwa vizuri, upawa mkononi. Huyo ndiye Mama Zaina, mpishi wetu, mjane wa Kibombo. Nilikuwa na njaa ya siku tisa, nikajipanga mwisho wa mstari nikidhani nitapata chakula kama mgeni. Zamu yangu ilipofika, upawa ukabaki hewani.

"Na weye?" akauliza.

"Mimi ni nesi mpya, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sikuulizi kazi yako. Nauliza weye njo nani, wa nani, wa wapi, na ulivuka mayi gani."

Watoto wakaangua kicheko, maana nilichelewa kuelewa kwamba "njo" yao ni "ndiye" yetu na mayi ni maji. Nikasema kwa aibu kwamba mimi ni Tatu binti Hamisi, mama yangu Mwanaidi, wa Ujiji, na nimevuka ziwa. Ndipo akanipakulia wali na sombe, kisamvu cha huku, iliyoelea mawese.

"Sasa njo vizuri," akasema. "Hata ukikufa hapa, tunajua pa kupeleka habari."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya jiko lake, na haikuandikwa popote. Mtoto hapakuliwi kabla hajasema jina lake, jina la baba, jina la mama, kijiji, na mto wa mwisho aliouvuka. Maniema ni nchi ya mito, na ukijua mtoto kavuka mto gani umeshajua ametokea upande gani. Asubuhi kwenye uji walisema, mchana kwenye wali walisema tena. Wakubwa waliyataja mbio mbio kama wanaoimba. Wadogo waligugumia, na Zaina alisubiri, hata kama mstari wote nyuma unapiga sahani kwa vijiko. Nilimwona ni mwanamke mkaidi anayewachelewesha watoto kula.

Alinifundisha mambo mengi ambayo cheti changu hakikuwa nayo. Alinifundisha kwamba mtoto mgeni hashikwi mkono, unasimama karibu yake mpaka yeye mwenyewe akushike. Alinifundisha kwamba aliyevushwa mto kwa fujo usimwogeshe kwa kumwagia maji kichwani, mpe kikopo ajimwagie mwenyewe, hata ikichukua asubuhi nzima. Mtoto anayeficha chakula chini ya mkeka usimwite mwizi. Mwekee kingine palepale, ukiona hakichukui ujue ameanza kupona. Haya yote yashikeni. Hakuna hata moja lililotoka kwangu.

Kulikuwa na furaha pia, nisiwadanganye. Siku ya mizani ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Tulining'iniza mizani kwenye boriti ya jiko, mtoto anaingizwa kwenye kaptura ya turubai, ananing'inia miguu ikichezacheza, nami nasoma uzito. Aliyeongezeka nilimpigia makofi, aliyepungua alipata uji wa ziada. Baada ya miezi michache wote walikuwa wanaongezeka ajabu. Niliandika ripoti ya kujisifu. Siku moja kaptura ikapasuka na mawe yakamwagika sakafuni. Walikuwa wakijaza mawe mifukoni ili niwapigie makofi, na uji wa ziada wameukosa kwa hiari yao! Zaina alicheka mpaka akakaa chini.

"Weye njo unawafundisha uongo," akasema akijipangusa machozi. "Pigia makofi hata ule mwepesi."

Watoto nao walinicheka kwa Kiswahili changu. Nikisema "mtoto yuko wapi", wao wanaitikia kwa sauti ya kunigeza, wakitembea wameinua pua. Waliniita Mama wa Bitabu. Nilijifanya nimekasirika, lakini nilikipenda kicheko kile.

Kisha vita vikaingia. Sitawaeleza nani alikuwa na bunduki gani, maana kila aliyepita alisema amekuja kutukomboa, na kila aliyepita aliondoka na mbuzi. Treni ikakoma. Honi yake tuliyokuwa tukiitukana asubuhi tukaanza kuitamani. Mashua za mizigo zikafungwa ukingoni mwa mto wetu Lualaba zikaota majani. Chumvi ikawa hadithi. Zaina alichoma majani ya mtoni, akachuja majivu, akatupikia kwa maji yale, na watoto walikunja nyuso lakini walikula. Surua ikaingia. Nilizika watoto ambao jana yake nilikuwa nimewapima uzito. Hilo sitaliandika zaidi ya hapa.

Watoto walikuja kwa njia zote. Mitumbwi, migongo ya watu wasiowajua, na baiskeli, ambazo huku huitwa kinga. Riziki alikuja kwa kinga. Mchuuzi mmoja aliyekuwa akisukuma mawese kutoka upande wa Pangi alimkuta kwenye kivuko cha mto Elila baada ya milio ya risasi, watu wametawanyika, mtoto amekaa kwenye mchanga peke yake. Akamweka juu ya madumu yake ya mafuta akamleta. Alikuwa na miaka mitatu hivi. Alijua vitu viwili, kwamba yeye ni Riziki na kwamba mama yake ni Mwayuma.

Kila asubuhi Zaina alimwinamia na sahani. "Weye njo nani?" Naye anajibu, "Riziki ya Mwayuma." Kisha Zaina anamtoa maneno taratibu, kama anayechambua mchele. Baba anaitwa nani? Nyumbani mlikuwa mnakula nini? Mtoto hajui jina la baba kwa sababu nyumbani anamwita baba. Zaina hakukata tamaa. Alimshikisha Elila kwanza, kwa sababu mchuuzi alikuwa ameutaja. Ikawa "Riziki, mama Mwayuma, nilivuka Elila." Ilikuwa furaha siku alipoisema yote bila kusita, wakubwa walimbeba juu juu.

Ndipo alipokuja mkurugenzi mpya, Diretere kama tulivyomwita, mtu wa Kinshasa aliyeshuka kwa ndege ya mizigo akiwa na suti. Nitamtendea haki. Alituletea dawa, alituletea maziwa ya unga na mablanketi, na aliwahi kusimama mlangoni mikono wazi mbele ya askari waliotaka kuwachukua wavulana wakubwa. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na wafadhili ng'ambo ya bahari waliomtumia mtoto mmoja mmoja barua na vifurushi, na majina yetu yaliwasumbua. Tulikuwa na kina Riziki wanne na kina Furaha wengi, na kifurushi cha huyu kilifika kwa yule. Basi akaamua kila mtoto apewe jina jipya, moja tu, lisilofanana na la mwingine. Akachukua kalenda ya watakatifu na kuanza kugawa. Amisi akawa Antwani. Shabani akawa Sebastiani. Riziki wetu mdogo akawa Beatrisi. Watoto wa Kiislamu, watoto wa Kilega, wote wakachovywa katika kalenda moja, na hakuna aliyewauliza.

Na nani aliyeandika kitabu kipya? Mimi. Nilisifiwa kwa mwandiko. Kitabu cha zamani kilikuwa na jina la mtoto, nani aliyemleta, siku gani, kwa njia gani. Kipya kilikuwa na jina, umri, na hali. Kwenye hali Diretere aliniambia niandike "yatima".

"Lakini wengine hatujui kama wazazi wamekufa," nilimwambia.

"Andika tu, Mama Tatu. Vita ikiisha tutarekebisha."

Nikaandika yatima, yatima, yatima, ukurasa hadi ukurasa, nikiwaua wazazi wa watu kwa kalamu ya buluu. Hadi leo hakuna aliyerekebisha. Kitabu cha zamani sikukifungia. Mwaka uliofuata nilinunua karanga sokoni, nikafungua karatasi, nikauona mwandiko wa nesi aliyenitangulia. Mtu alikuwa ameuza kurasa zetu kwa wauza karanga. Nilikula zile karanga. Ndiyo, nilizila, nikaitupa karatasi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilikuwa na njaa.

Jambo moja lilibaki, nalo ni jiko la Zaina. Watoto wakiwa na majina mapya kitabuni, kwenye mstari wa chakula waliendelea kusema yale ya kwao. Diretere alikuja siku moja mchana akasimama kando, akasikiliza.

"Mama Zaina," akasema, "hii ya kusemesha watoto inaamusha mambo. Traumatizme, kidonda ya roho, unaelewa? Wanapashwa kusahau."

"Diretere, uchungu yao haikulala," Zaina akajibu bila kuinua macho. "Utaamusha kitu chenye iko macho namna gani?"

Diretere akanigeukia mimi, mwenye cheti. Watoto walikuwa wanasikiliza. Nami nikafungua mdomo. Nilisema ni kweli, wanakojoa kitandani, wanaota ndoto mbaya, tuwaache wasahau kidogo. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo kwenye karatasi fulani iliyokuja na mablanketi. Sikumuuliza hata mtoto mmoja.

Zaina akaweka upawa chini. "Wasahau. Haya. Na siku mama yao atakuja kwa mulango, utamuonesha nini, Mama Tatu? Cheti yako?"

Alikatazwa. Akaendelea kwa kunong'ona, akiwainamia mmoja mmoja. Akakatazwa tena, na mara ya tatu akaachishwa kazi. Barua ilihitaji sahihi ya shahidi. Nilitia sahihi yangu nzuri. Alivuka kwenda Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, na sufuria yake moja kichwani, hakugeuka. Riziki alikaa mlangoni mwa jiko siku tatu. Siku ya nne alipakuliwa na mpishi mpya, hakuulizwa kitu, akala. Akasahau. Mtoto wa miaka minne anasahau upesi, na sisi tuliita kule kusahau maendeleo yake.

Vita vilipotulia na njia kufunguka, watu walianza kuja kutafuta watoto wao. Mlinzi alikuwa na amri ya kutoruhusu mtu kuingia uwanjani, kwa sababu wakati wa vita walikuja wenye bunduki wakijifanya wajomba. Amri ilikuwa na maana wakati ule, na kama amri zote ilibaki hata maana yake ilipokwisha. Wazazi walisimama getini, nami nilitoka na kitabu. Watoto wakubwa waliokoka kwa nguvu zao. Amisi, akiwa choo cha nyuma, alisikia sauti ya kaka yake getini, akakimbia akipiga kelele, "Miye njo Amisi! Amisi ya Saidi!" Kwa miaka yote aliyoitwa Antwani alikuwa amelificha jina lake kama alivyoficha viazi chini ya mkeka. Wadogo hawakuwa na cha kuficha.

Asubuhi moja alikuja mwanamke mwembamba, miguu imevimba, kikwembe kimechanika pindo. Alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya Elila.

"Natafuta mutoto yangu," akasema. "Mwanamuke. Jina yake Riziki."

Kina Riziki. Nilijua tulikuwa nao. Nilijua kwamba niliwabadilisha majina. Nawaapia nilijua, lakini wakubwa wao wawili walikuwa wameshaondoka na mmoja amekufa kwa surua, na huyu mdogo kwangu alikuwa Beatrisi tu, kwa muda mrefu. Nikapitisha kidole kitabuni kutoka juu hadi chini. Nikarudia mara ya pili, nikijiona mtu makini sana.

"Hayupo, mama."

"Uniache niingie niwaangalie tu. Sitamugusa hata moja."

"Hairuhusiwi."

Hakulia. Alisimama akishika nondo za geti, akitazama juu ya bega langu kuelekea uwanjani, ambako watoto walikuwa wakiruka kamba. Kisha akasema, "Mukimuona, mumuambie Mwayuma alipita." Sikuandika. Kitabu hakikuwa na mahali pa watu waliopita. Nikafunga kitabu nikaenda kupima uzito.

Miaka ikapita. Diretere alihamishwa, wakaja wengine, wengine wazuri na wengine wa kupiga picha tu. Mniwie radhi, lakini sijawahi kuzoea wageni wanaokuja kwa saa moja, wanambeba mtoto, wanapigwa picha, wanamshusha, na wanaondoka. Mtoto anabaki ameinua mikono. Mnaolala naye akilia ni ninyi.

Riziki alikua akiitwa Beatrisi, akasoma kidogo, akapenda jiko, akawa mpishi wetu, huyuhuyu mnayemjua. Kisha kijana mmoja fundi wa mitumbwi akampenda. Wakaja wajomba wa yule kijana kwa heshima zao, wakaketi, wakauliza kama ilivyo desturi. Huyu ni binti wa nani? Ukoo wake ni upi? Mjomba wake ni nani wa kuongea nasi? Tukawaonesha kitabu. Beatrisi, yatima. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole kwamba hawana neno na msichana, lakini hawawezi kuoa kitabu. Vipi kama ni ndugu yao wenyewe? Wakainuka wakaaga.

Riziki alinifuata chumba cha dawa. Hakuwa analia. Ana hasira kama mimi, nadhani ameipata kwangu.

"Mama Tatu, weye uko hapa toka zamani. Miye njo nani?"

Nikasema sijui. Akasubiri, kama mtu aliye na sahani. Ndipo nikakumbuka kwamba kuna mmoja anayejua. Miaka ya kwanza nilikuwa nikimwona Mama Zaina sokoni na nikibadili njia. Kisha alihamia Kibombo, akarudi Alunguli uzeeni, nami nilijua nyumba yake ilipo na sikuwahi kubisha hodi. Aibu yangu ilimgharimu Riziki miaka mingi kuliko vita.

Tukavuka mto kwa mtumbwi, Riziki na mimi. Zaina alikuwa ameketi ugani akimenya muhogo, macho yameingia ukungu. Nilimsalimu. Alijua sauti yangu.

"Mama wa Bitabu," akasema. "Umechelewa."

Nikamwambia kwa nini tumekuja, na kwamba huyu ndiye yule mdogo aliyeletwa kwa kinga. Hakuuliza ni Riziki yupi. Aliweka kisu chini, akaanza kuwataja wote, mstari mzima, mmoja baada ya mwingine, mtoto, baba, mama, kijiji, mto, hata waliokufa kwa surua. Nilisimama pale sijui niweke wapi mikono. Alipofika kwa huyu wetu akageuza uso upande wake.

"Riziki. Mama Mwayuma. Alivuka Elila. Ya baba hatukuifika. Kijiji hatukuifika. Nilikuwa nayitafuta ile siku mulinikataza."

Riziki akapiga magoti, akamshika mikono. Mimi kwa mawazo nilikuwa nimesimama Kindu, getini, miaka mingi nyuma, na mwanamke mwembamba ananiambia Mwayuma alipita. Jina lile lilikuwa limekaa ndani yangu muda wote bila kazi. Sikumwambia Riziki. Tulivuka kurudi, alikuwa akitabasamu, akirudiarudia Mwayuma, Mwayuma, nami sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia mama akipatikana, na kama hatapatikana kuna haja gani. Woga una maneno matamu.

Tulipeleka tangazo redioni. Tukawapa ujumbe wasukuma baiskeli wanaokwenda Pangi na Kampene. Na Riziki hakusubiri jibu ili aanze kazi yake. Kesho yake tu alisimama mbele ya masufuria na upawa hewani. Mnajua sasa tuna watoto wapya waliokimbia vita vingine huko mashariki, maana vita vyetu havijui kustaafu. "Weye njo nani, wa nani, wa wapi, ulivuka mayi gani?" Hakumwomba mtu ruhusa. Mkurugenzi wa sasa alianza kusema jambo kuhusu uchungu wa watoto. Nilimtazama, akanyamaza, na hilo ndilo jambo jema pekee ninaloweza kujisifia.

Jibu lilitoka Kampene baada ya miezi miwili. Mwayuma yuko hai, anapikia wachimbaji machimboni, na ameshaondoka kuja.

Alifika saa sita mchana, juma langu la mwisho kazini. Alivukia Alunguli, na pale kivukoni Mama Zaina, aliyepata habari kwa wasukuma baiskeli, alikuwa amemngoja tangu asubuhi, kipofu vile, kumwambia jambo moja: usikimbie kumshika, ingia kwenye mstari. Kwa hiyo sisi jikoni hatukuona mtu akiingia kwa kilio. Niliona tu mwanamke mzee mwembamba amechukua sahani ya bati na kujipanga nyuma ya watoto. Mimi nilikuwa nyuma yake. Aligeuka, akanitazama uso, akanitambua. Akageukia mbele. Mstari ukasogea.

Riziki alikuwa ameinamia sufuria. "Weye njo nani?" akauliza, kama anavyouliza wote.

"Miye Mwayuma ya Mulonda. Mama yangu Wabiwa. Wa Kabilombo. Elila niliivuka kwanza nikikimbia na mutoto, nikaivuka tena nikimutafuta, leo njo mara ya tatu. Mutoto yangu njo Riziki ya Kikuni."

Upawa ukatulia ndani ya wali. Watoto waliacha kupiga sahani. Riziki aliinuka polepole, akamtazama, akasema kwa sauti ya mtoto anayejifunza, "Miye Riziki. Baba Kikuni. Mama Mwayuma. Wa Kabilombo. Nilivuka Elila." Alisema yote, bila kukosea. Kisha akapakua, na akapakua, mpaka wali ukamwagika pembeni ya sahani, na ni mama yake aliyenyoosha mkono kwanza au ni yeye, sikuona, kwa sababu macho yangu hayakuwa yanaona vizuri.

Baada ya muda Riziki akajifuta uso, akaokota upawa. Mstari ulikuwa haujaisha. Nilibaki mimi.

"Na weye, Mama Tatu?"

Nilikuwa nimeyasema maneno yale mara nyingi sana katika jiko lile. "Tatu binti Hamisi. Mama yangu Mwanaidi. Wa Ujiji. Nilivuka ziwa." Mwayuma alikuwa amesimama pale na sahani yake, ananitazama, anangoja. Nikasema, "Na ndiye mimi niliyekuwa getini. Mama yako alikuja kukutafuta ukiwa mdogo, ukiwa hapo uwanjani, nikasoma kitabu, nikamwambia hayupo. Alinipa ujumbe nikupe. Sikukupa."

Upawa ulibaki hewani, muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza. Riziki hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake.

"Mupakulie," akasema Mwayuma. "Lakini kidogo."

Riziki akaniwekea kijiko kimoja cha wali katikati ya sahani, bila mboga. Nilikula chote nikiwa nimesimama, na sikuomba kuongezwa.